Askari wa Inchi Moja

Juu ya kabati la vitabu chumbani mwangu pana sanduku la viatu ambalo wanangu hawaruhusiwi kulifungua bila idhini yangu. Ndani yake wamelala askari 31, kila mmoja akiwa na kimo cha inchi moja hivi, wamevaa kaptula za khaki na kofia za ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja. Walipaswa kuwa 32. Wageni wanaowaona hucheka na kuuliza iwapo mwalimu mzima wa Kiswahili bado anacheza na wanasesere. Siwalaumu. Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi mwenyewe niliwadharau askari hawa hadi siku waliponichoma. Makala haya ni simulizi ya jinsi nilivyowaunda, na jinsi walivyonifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu chochote cha historia.

Baba yangu ni mtu wa Nyamira, kwenye mashamba ya chai, lakini mama alizaliwa Tabaka, upande wa pili wa Kisii. Msomaji asiyepafahamu Tabaka huenda amewahi kushika kazi ya mikono ya wakazi wake pasipo kujua: bakuli, kiboko, au seti ya sataranji iliyouzwa katika duka la watalii jijini Nairobi au Mombasa. Huko ndiko linakochimbwa jiwe la sabuni. Wanaume hulichimba kwa sururu na mitaimbo, hulipasua kwa panga, kisha hulichonga kwa kisu na tindo lingali na unyevu. Baadaye wanawake na vijana hulisugua kwa msasa ndani ya maji hadi liwe laini kama shavu la mtoto, ndipo linapong'arishwa kwa nta. Lipo la rangi nyeupe, la kijivu na la waridi. Elkana Ong'esa, mchongaji maarufu wa Tabaka, ameifikisha sifa ya wachongaji wa kwao hadi Paris, ambako sanamu yake ya ndege wa amani iliwekwa katika makao makuu ya UNESCO.

Mjomba wangu hakufika Paris. Yeye alichonga sataranji. Nilipokwenda kwake wakati wa likizo, kazi yangu ilikuwa kusugua vitunda, yaani wale askari wa miguu wa mstari wa mbele, kwa kuwa ndio wengi na ndio wasio na thamani. Nilikuja kusoma baadaye kwamba sataranji yenyewe ni mchezo wa vita: asili yake ni Bara Hindi, na jina lake la kale lilimaanisha jeshi lenye vikosi vinne, yaani askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kumbe kila mzee anayecheza sataranji barazani huamuru majeshi, ingawa hakuna damu inayomwagika.

Likizo ya Agosti ya mwaka wa 2001, nilipokuwa katika kidato cha pili, nilimkuta mjomba ameduwaa mbele ya kisanduku cha karatasi ngumu. Mnunuzi mmoja kutoka ng'ambo alikuwa amemwachia askari wa plastiki wapatao hamsini, Waingereza wa Jeshi la Nane lililopigana katika jangwa la Afrika Kaskazini, akimtaka achonge wengine kama hao kwa jiwe. Alimweleza kwamba kwao watu wazima hupanga askari wa namna hiyo mezani, wakatengeneza vilima na barabara, wakapima mwendo kwa utepe na kuamua nani ameanguka kwa kurusha dadu. Desturi hiyo ina historia ndefu. Maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakijifunza vita kwa mchezo wa mezani mapema katika karne ya 19, na mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kizima cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikazuka.

Mjomba alijaribu. Askari wa kwanza alivunjika vifundo vya miguu. Wa pili alipoteza bunduki. Wa tatu alikatika kiuno alipokuwa akisuguliwa. Mwishowe alifuta vumbi usoni akanisukumia kile kisanduku.

"Chukua wewe, mwana wa dada," akasema. "Jiwe halipendi miguu myembamba. Jiwe linataka mtu aliyeketi."

Niliwabeba askari hao hadi Nyamira, pamoja na mfuko wa unga wa jiwe ambao nilikusudia kuufanya mchanga wa jangwa. Mimi na binamu yangu tuliuweka uwanja wetu wa vita juu ya meza ya babu. Babu alikuwa amepita miaka themanini wakati huo. Nilijua, kama walivyojua watu wote pale kijijini, kwamba aliwahi kuwa Keya, yaani askari wa kikosi cha King's African Rifles. Sikujua zaidi ya hapo, wala sikuwahi kuuliza. Alikuja akaegemea fimbo yake, akawatazama kwa muda mrefu.

"Hawa nani?" akauliza.

"Ni Waingereza, Sokoro. Wanapigana jangwani na Wajerumani."

"Na sisi iko wapi?"

Swali hilo lilinikosesha jibu. Niligeuza kisanduku nikitafuta. Picha ya jalada ilikuwa na Wazungu watupu, na ndani yake vilevile. Nikamwambia kwamba sisi hatukuwekwa. Babu aliguna, kisha akaketi. "Basi weka," akasema.

Yafaa nieleze lugha ya babu, maadamu jarida hili ni la wapenzi wa Kiswahili. Nyumbani sote tulizungumza Ekegusii, lakini mbele ya mtoto wa shule babu alipenda kusema Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini ambacho wataalamu wameandika habari zake kwa jina la Kikeya. Ni lugha iliyopatanisha vijana wa makabila mengi na maafisa Waingereza waliojifunza kwa haraka. Ngeli zake zimepukutika, "iko" imebeba mzigo wa vitenzi kadhaa, na "hapana" inakanusha kila kitu. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuzionea fahari ngeli zangu, na nilijizuia kwa shida nisimsahihishe. Nashukuru kwamba nilijizuia, kwa sababu tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha.

"Hii kofia hapana yetu," akasema, akiigonga helmeti ya chuma kwa ukucha. "Yetu kubwa. Upande moja iko juu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuwageuza Waingereza wa plastiki kuwa Keya. Nilinunua nyembe mbili dukani. Nilinyoa helmeti hadi likabaki fuvu la mviringo. Kofia mpya niliikata kwa mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi: kile kiduara kidogo kinachoanguka chini ndicho kikawa ukingo wa kofia. Nilikilowesha gundi ya mbao, nikakivisha kichwani na kukikunja upande mmoja kwa ncha ya sindano kabla hakijakauka. Kamba za mifuko ya risasi nilizitengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyokatwa vipande vyembamba kama unyasi. Mkono uliohitaji kuinuliwa niliukata begani nikaushikiza upya kwa pini iliyopashwa moto.

Kupaka rangi kulinishinda mara mbili. Mara ya kwanza rangi ilibanduka kama ngozi ya kiazi, kwa kuwa plastiki ile ni laini na ina mafuta. Fundi mmoja wa kuandika mabango, aliyenigawia masalio ya rangi zake, alinishauri niwaoshe kwa sabuni, niwaache wakauke, kisha niwapake kwanza gundi iliyozimuliwa kwa maji. Dawa hiyo ilifaa. Mara ya pili nilishindwa na uso. Rangi ya khaki ipo, na rangi ya bunduki ipo, ila rangi ya mtu wetu haikuwamo katika kopo lolote. Niliichanganya mwenyewe: kahawia, wekundu kidogo, tone la manjano. Babu aliikataa ile ya kwanza kwa kuwa watu wote 31 walikuwa na rangi moja. "Hapana watoto wa mama moja," akasema. Akanihesabia: huyu Mkamba, huyu Mnandi, huyu Mjaluo, huyu Mgusii, huyu ametoka Nyasaland. Nikachanganya rangi upya, vikopo vitano.

Hata jangwa langu halikupita. Nilikuwa nimemwaga unga mweupe wa jiwe la sabuni nikaridhika kwamba hiyo ndiyo Sahara. Babu aliufagia wote kwa kiganja. Jangwa lake lilikuwa nchi ya miiba na vumbi jekundu kati ya Garissa na mto Juba. Alinituma nje nikachote udongo wetu mwekundu wa Nyamira, niukaushe juani na kuuchekecha, kisha nipande vijiti vya miiba kila mahali. Kwa maneno yake, mwiba ulikuwepo kabla ya adui na ulibaki baada ya adui kukimbia.

Niligundua baadaye kwamba vumbi lile lilikuwa na tarehe zake. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na kwa kuwa ilitawala Ethiopia, Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia, mpaka wa kaskazini wa Kenya uligeuka kuwa uwanja wa vita. Mwezi Julai Keya waliokuwa wamezingirwa Moyale walilazimika kujiondoa usiku. Mapema mwaka wa 1941 mambo yakageuka. Askari wa Keya, pamoja na wenzao kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo, Nigeria na Afrika Kusini, walivuka Juba mwezi Februari. Mogadishu ilitwaliwa tarehe 25 mwezi huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ni safari ya zaidi ya kilomita 2,500 katika muda wa majuma yapata manane. Vitabu husifu mwendo huo, na ulistahili sifa. Lakini jeshi linalokwenda mbio huacha mengi nyuma yake.

Upande wa pili nao ulikuwa na Waafrika. Waitalia waliwaandikisha vijana wa Eritrea, Somalia na Ethiopia, na kuwaita kwa neno lile lile la Kiarabu tulilolikopa sisi, wakiliandika ascari. Kwa hiyo askari alimpiga risasi askari. Sijawahi kukutana na kinaya cha lugha kinachouma kuliko hicho.

Jioni moja nilimaliza chupa za maji. Kila askari wa plastiki alikuwa nayo nyongani, kivimbe kidogo kisichozidi punje ya mtama. Nilizipaka rangi zote kwa ncha ya kijiti, nikampelekea babu kwa fahari. Alimwinua mmoja hadi karibu na jicho lake zima.

"Chupa imejaa?" akauliza.

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Aliiweka sanamu mezani, na hapo ndipo alipokiacha Kikeya akaanza kusimulia kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini. Nimetafakari mara nyingi kwa nini alibadili lugha. Nadhani Kikeya kilikuwa lugha ya amri na majibu ya amri. Hakikumpa maneno ya jambo lile.

Alisema kwamba baada ya kuvuka mto, yeye na mwenzake waliachwa chini ya mgunga kuwalinda mateka, hao ascari. Lori lilikuwa lije saa sita mchana. Halikuja. Amri waliyopewa ilikuwa kwamba maji ya walinzi ni ya walinzi. Miongoni mwa mateka alikuwepo kijana wa rika lake, hana viatu, aliyeketi akikumbatia magoti. Kijana huyo hakujua lugha yao. Aliinyoshea kidole chupa ya babu. Babu akatazama kando. Akaonyesha tena jua lilipokuwa likitua. Babu akatazama kando. Lori lilifika kabla ya mapambazuko, mateka wakaamriwa wasimame.

"Hakusimama," babu akasema. "Sikumpiga risasi. Ningempiga risasi ningesema ilikuwa vita."

"Chupa yako ilikuwa imejaa, Sokoro?"

"Nusu."

Nyumba yote ilinyamaza. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni na karai la mboga, na kwa jinsi alivyokuwa akimtazama nilitambua kwamba miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kulisikia neno hilo. Babu akaniambia: "Nitengenezee yule."

Nilijaribu kumgeuza mmoja wa askari wangu. Nilimpasha moto wa mshumaa nikamkunja magoti, lakini plastiki ile ina kumbukumbu: kila nilipomwachilia alijinyosha taratibu akawa amesimama. Usiku wa tatu nilikumbuka maneno ya mjomba. Kulipokucha nikapanda matatu hadi Kisii mjini, na nyingine hadi Tabaka. Mjomba hakuuliza ni kwa nini. Alichagua kipande cha kijivu katika mabaki, akanionyesha mahali pa magoti na mahali pa kichwa, kisha akaniachia kisu. Tangu asubuhi hadi alasiri nilichonga mtu mmoja asiyezidi ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Jiwe halikuvunjika. Mjomba alikuwa amesema kweli.

Nilitaka kumpaka rangi, babu akakataa, akisema vumbi lilikuwa limemfunika. Alimtia mfukoni mwa koti lake.

Mchezo wetu nao ulibadilika. Binamu yangu alikuwa bingwa wa kurusha dadu na alizoea kushinda. Sasa tuliweka kanuni ya maji: kila askari alianza na punje tatu za mahindi, na kila zamu alikula moja, isipokuwa amefika kisimani. Aliyeteka watu alilazimika kuwagawia punje zake. Ikiwa mateka mmoja alikosa, basi aliyemteka hakuweza kuitwa mshindi hata kama alifika Addis Ababa.

"Sasa mchezo huu mtu hushindaje?" binamu alilalamika.

Babu, aliyekuwa akitusikiliza huku amefumba macho, ndiye aliyejibu, kwa Kikeya chake: "Pole pole."

Alifariki mwaka wa 2004. Tulipopanga nguo zake nilipapasa mifuko yote ya koti lile. Lile jiwe halikuwamo. Hatukulipata chini ya mto, wala dirishani, wala katika kibweta cha karatasi zake. Sijui alilipeleka wapi, na nyanya, iwapo alijua, hakutaka kusema.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilisimama mbele ya sanamu za askari katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi. Ni watu watatu wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, waliowekwa pale mwaka wa 1928 kuwakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa maandishi ya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Ni sanamu nzuri. Wamenyoka, wamekaza nyuso. Hawana majina, na hakuna hata mmoja aliyeketi. Mwaka wa 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani, na kuomba radhi, kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina yao popote. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule kijana wa chini ya mgunga, ambaye hata ungamo hilo halikumhusu: alikufa katika vita vingine, akiwa upande wa adui.

Sitaki msomaji adhani kwamba namtukuza Keya. Baba yake babu alikuwa mtoto mwaka wa 1908, wakati Keya walipotumwa kuichoma nchi ya Wagusii baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wa Kiingereza aliyeitwa Northcote. Alikimbizwa mgongoni mwa mamake. Khaki ile ile iliyowafukuza ndiyo mwanawe aliyoivaa miaka 32 baadaye. Nilipokuwa nikiipaka rangi, nilikuwa nikipaka yote mawili kwa brashi moja.

Aliyejiunga na Keya mwaka wa 1940 akiwa na umri wa miaka kumi na minane, leo angekuwa amepita miaka mia moja. Mlango huo umekwisha kufungwa, au umebaki nyufa tu. Lakini wapo wazee wa mambo mengine, na kila mmoja ana Kiswahili chake ambacho sisi wa ngeli tuna haraka ya kukisahihisha. Nami nawasihi wanafunzi wenzangu wasiende kwao na daftari la maswali pekee. Waende na kitu: zana, picha, hata mwanasesere. Swali la jumla hujibiwa kwa jibu la jumla. Nilimjua babu tangu kuzaliwa na sikuwahi kumuuliza habari za vita. Kilichomfungua kinywa ni kivimbe cha rangi kisichozidi punje ya mtama.

Wanangu wakinisumbua sana, mimi hulishusha lile sanduku tukawapanga wale 31 juu ya udongo mwekundu. Mdogo wao, mwenye miaka saba, aliniuliza juzi kwa nini kila tunapocheza naacha nafasi tupu chini ya kijiti cha mwiba. Nikamwambia kuwa hapo pana mtu aliyeketi. Akafikiri kidogo, akachukua punje moja ya mahindi, akaiweka pale.